Precision Air na ndege zake za pangaboi

Precision Air, shirika binafsi lililoanzishwa Arusha mwaka 1993 kwa safari za kukodi, limejenga huduma zake za ndani ya Tanzania juu ya ndege za ATR, zinazoundwa Toulouse, Ufaransa.

Ndege hizo ni za aina mbili: ATR 42, inayobeba abiria wasiozidi 50, na ATR 72, yenye nafasi ya abiria takriban 70. Kila moja ina injini mbili za pangaboi. Mwendo wake ni mdogo kuliko wa jeti, lakini hutumia mafuta machache katika safari fupi na humudu viwanja vyenye njia fupi ya kurukia. Shirika hilo liliwahi kurusha jeti za Boeing 737, kisha likaziacha.

Bukoba, iliyo zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, ni miongoni mwa miji inayotegemea ndege za aina hiyo. Novemba 6, 2022, ATR 42 ya shirika hilo ilianguka katika Ziwa Victoria ikikaribia kutua mjini humo, hali ya hewa ikiwa mbaya. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki dunia, wakiwamo marubani wote wawili. Wavuvi ndio waliowahi kufika kuokoa.