Nani amhukumu mchezaji wa gofu?

Mei 1972, mjini Louisville, Kentucky, Jane Blalock aliondolewa mashindanoni. Alikuwa na umri wa miaka 26 na nyota yake iliwaka: mwezi mmoja tu kabla ya hapo alikuwa ametwaa taji la kwanza kabisa la Colgate-Dinah Shore kule California. Wenzake walimshutumu kwamba alikuwa akisogeza mpira wake kwa hila.

Mpira ukishafika kwenye nyasi fupi za karibu na shimo, mchezaji anaruhusiwa kuuokota. Kwanza huweka sarafu au kidude kidogo bapa nyuma yake, kisha anauinua na kuufuta, halafu anaurudisha palepale. Mwenye nia mbaya huurudisha mbele kidogo, au pembeni, mahali ambapo nyasi hazikukwaruzwa na viatu. Inchi moja inatosha, na wa mbali haoni kitu.

Gofu haina mwamuzi wa kumfuata kila mchezaji na filimbi. Wachezaji huandikiana kadi na kuzitia saini, na kila mmoja hutarajiwa kujishtaki mwenyewe. Mwaka 1925, katika US Open, Bobby Jones alijiongezea mkwaju wa adhabu kwa sababu mpira wake ulitikisika, ingawa hakuna mwingine aliyeona. Mwishowe alilingana na Willie Macfarlane, wakarudiana, naye akashindwa. Katika mchezo uliojengwa juu ya uaminifu wa namna hiyo, kuitwa mdanganyifu ni doa lisilofutika kirahisi.

Blalock alikana. Chama cha wachezaji wanawake wa kulipwa, LPGA, kilimtoza faini ya dola 500 na kumweka chini ya uangalizi. Siku chache baadaye adhabu hiyo ikageuzwa, akafungiwa mwaka mzima. Waliokata shauri ni wajumbe watano wa kamati ya utendaji, na wote walikuwa wachezaji waliogombania zawadi zilezile naye. Hata kama walikuwa na nia safi, kila dola ambayo Blalock asingeishinda ilibaki mezani kwa ajili yao na wenzao.

Akaenda mahakamani. Jaji Charles Moye wa Atlanta aliamuru aendelee kucheza wakati kesi ikisikilizwa, na mwaka 1973 akaamua kwamba wapinzani wa kibiashara kumfungia mwenzao kwa hiari yao tu ni kuvunja sheria ya ushindani wa soko. Hakuamua kama Blalock alidanganya au la. Aliangalia nani alihukumu. Fidia ya dola 13,500 ikazidishwa mara tatu kama sheria hiyo inavyotaka, ikawa dola 40,500. Mwaka 1975 LPGA ikaajiri kamishna wake wa kwanza, Ray Volpe, ambaye hakuwa mchezaji. Nadhani jaji yule aliutendea mchezo wema mkubwa, ingawa wengi wakati ule hawakuliona hivyo.

Uingereza ilichukua njia kali zaidi. Mwaka 1985 Mskoti David Robertson alikamatwa kwenye mchujo wa kuingia mashindano ya The Open, mjini Deal, kwa kosa hilohilo la kusogeza mpira. Alitozwa faini ya pauni 20,000 na kufungiwa miaka 20.

Kisha zikaja kamera. Aprili 2017, Lexi Thompson alikuwa akiongoza siku ya mwisho ya mashindano yaleyale aliyoyashinda Blalock mwaka 1972, ambayo wakati huo yaliitwa ANA Inspiration. Akiwa katikati ya raundi aliambiwa kuwa mtazamaji mmoja wa televisheni ameandika barua pepe: jana yake hakuurudisha mpira mahali pake halisi. Akaongezewa mikwaju minne, miwili kwa mpira na miwili kwa kutia saini kadi yenye hesabu isiyo sahihi. Alilia uwanjani, akapigana hadi kulingana na So Yeon Ryu, akashindwa kwenye shimo la ziada. Hakuna aliyethibitisha kwamba alikusudia, na kwangu adhabu ile ilizidi kosa.

Tangu Januari 2018, mashtaka ya watazamaji wa televisheni hayapokelewi tena. Picha sasa hufuatiliwa na maofisa waliopewa kazi hiyo, na mchezaji aliyetia saini kadi bila kujua kuwa amevunja kanuni haongezewi mikwaju miwili ya kadi.