Mukawa: Tunda, Mzizi na Mwiba

Mukawa ni kichaka cha miiba kisichopukutisha majani, chenye matunda madogo matamu. Huota kingoni mwa misitu, kwenye malisho na katika vichaka vya Nyeri na miji inayouzunguka Mlima Kenya. Huvumilia ukame, kwa hiyo hustawi hata upande wa Kieni, kuanzia Mweiga hadi Naro Moru, ambako safu ya Nyandarua na Mlima Kenya huzuia sehemu kubwa ya mvua.

Majina

Wagĩkũyũ huuita mti mũkawa na tunda lake ngawa, kama Kiswahili kinavyotenganisha mwembe na embe. Wakamba nao husema mukawa. Kwa Wamaasai ni olamuriaki, kwa Waluo ochuoga, na kwa Waganda muyonza. Kiswahili kina jina lake, mtandamboo, ila huku mlimani halisikiki sana.

Jina la kisayansi lina kisa chake. Mwaka 1771 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliuita mmea mmoja wa India Carissa spinarum, yaani "wa miiba". Mwanafunzi wake, Peter Forsskål, mzaliwa wa Helsinki, alikuwa ameuona mmea wa namna hiyo huko Yemen. Akaupa jina la edulis, "unaoliwa". Forsskål alifariki Yemen mwaka 1763 kwa malaria, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775. Mwaka 1790 mtaalamu mwingine wa mimea, Martin Vahl, aliuhamishia mmea huo kwenye jenasi ya Carissa. Wataalamu wengi sasa huihesabu mimea hiyo miwili kuwa spishi moja, na kwa kanuni zao jina lililotangulia ndilo hushinda. Hivyo mwiba ukalishinda tunda, ingawa vitabu vingi vya Kenya bado huandika Carissa edulis.

Umbo

Kichaka hufikia urefu wa mita 5 hivi na huchipua mashina mengi kutoka chini. Majani yake ni mazito, yanang'aa, na hukaa mawili mawili yakitazamana. Miiba imenyooka, ni migumu, na hufika sentimita 5. Maua yana harufu nzuri. Ndani ni meupe, nje yana wekundu. Tunda huanza likiwa kijani, huwa jekundu, kisha huiva likawa zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi. Upana wake ni kama sentimita moja. Tawi likivunjwa hutoa utomvu mweupe.

Chakula

Ngawa huliwa mbichi, pamoja na mbegu zake. Utomvu wake hunata midomoni, na kwa wachunga mbuzi hiyo si sababu ya kuacha kula. Huweza pia kupikwa jemu. Ndege hula matunda hayo na kutawanya mbegu. Ndiyo maana mukawa huonekana umeota mahali ambapo hakuna aliyeupanda.

Nchi za kaskazini, kama Sweden na Finland, zina vichaka vyao visivyopukutisha majani, na matunda yake huchumwa porini kwa wingi na kuuzwa madukani. Ngawa kwa kawaida huishia mkononi mwa aliyeichuma.

Dawa

Sehemu inayothaminiwa zaidi na waganga wa mitishamba ni mzizi. Huchemshwa kwa ajili ya maumivu ya viungo, kifua na malaria, maradhi yaleyale yaliyomuua Forsskål. Wamaasai na jamii nyingine huutia katika supu ya nyama. Mwaka 2006 watafiti, wakiwemo wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, walichapisha matokeo ya maabara yaliyoonyesha kuwa dondoo la mizizi lilizuia virusi vya hepesi katika seli na katika panya. Matokeo ya panya hayaweki kipimo cha kumpa binadamu, na mwenye malaria anapaswa kupimwa hospitalini.

Ua

Mukawa ukipandwa karibu karibu na kukatwa mara kwa mara, hujifunga kuwa ua ambao ng'ombe hapenyi. Katika mashamba mengi kazi hiyo imechukuliwa na kayaba, mti wa miiba uliotoka Afrika Kusini. Lakini mukawa ni mwenyeji wa hapa, na ua wake huzaa matunda yaliyozoeleka.

Tahadhari

Mchumaji asiuchanganye na msunguti, ambao Wagĩkũyũ huuita mũricũ. Mimea hiyo miwili ni ya familia moja, na majani, maua na matunda yake hufanana. Msunguti ndio uliotoa sumu ya mishale ya wawindaji wengi wa Afrika Mashariki. Alama ya haraka ya kuitofautisha ni miiba: mukawa unayo, msunguti hauna.

Utunzaji

Vichaka vinapofyekwa kupisha mashamba na nyumba, mukawa huondoka navyo. Kung'oa mizizi kwa ajili ya dawa huumaliza upesi zaidi, kwani kuchuma tunda huuacha mti hai, ilhali kuchimba mzizi huweza kuuua. Anayetaka dawa na tunda pamoja hana budi kuupanda. Mbegu huoteshwa mara baada ya kutolewa kwenye tunda lililoiva, na miche hupangwa mpakani mwa shamba. Hapo ndipo jina la Linnaeus na la mwanafunzi wake hukutana: mwiba hulinda shamba, na tunda huliwa.