Siri ya Mtungi Aijuaye Kata

Msomaji mpenzi, wazee wetu walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe uliye nje waweza kuutazama mtungi, ukausifu umbo lake au ukautia ila, ukakisia kama umejaa maji au ni mtupu; lakini kata iliyotumbukizwa ndani ndiyo ijuayo kina chake na ubaridi wa maji yake. Katika insha hii nataka tufuatane kuitazama historia ya watu ambao kwa muda mrefu walisemewa na kila mtu, ilhali wao wenyewe hawakuulizwa neno. Watu hao ni wenye usonji.

Yafaa kwanza tujue usonji ni nini. Ni hali ambayo mtu huzaliwa nayo, ihusuyo namna ubongo wake unavyokua na unavyoupokea ulimwengu. Mwenye usonji aghalabu huona taabu kufahamu ishara za uso na maneno ya mafumbo. Hupenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule, na huenda akashikwa na jambo moja akalichunguza mpaka mwisho wake. Masikio, macho na ngozi yake huweza kuhisi kupita kiasi, hata kengele ya shule ikamchoma kama msumari, na shati jipya likamwasha kama upupu. Wako wasemao kwa ufasaha, na wako wasiotamka neno maisha yao yote. Usonji hauambukizi, wala si laana, wala si kazi ya mashetani.

Jina la Kizungu la hali hii lilitokana na neno la Kiyunani lenye maana ya nafsi. Daktari Eugen Bleuler wa Uswisi alilitumia mwaka wa 1911 kwa kuwaeleza wagonjwa waliojitenga na watu. Mwaka wa 1925 daktari mmoja mwanamke wa Moscow, Grunya Sukhareva, aliandika habari za wavulana sita ambao leo tungesema walikuwa na usonji, lakini kazi yake haikusomwa na wengi. Walioitangaza hali hiyo duniani ni Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliyeandika juu ya watoto 11 mwaka wa 1943, na Hans Asperger wa Vienna, aliyeandika mwaka wa 1944.

Mtoto wa kwanza katika orodha ya Kanner alikuwa Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka wa 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu wazazi wake walishauriwa wampeleke akae mbali nao, nao wakampeleka. Hawakustahimili. Baada ya mwaka mmoja hivi wakamrudisha nyumbani, na baba yake akamwandikia Kanner barua ya kurasa 33 kumweleza kila alichokiona kwa mwanawe. Donald alikua. Alisoma chuo, akafanya kazi katika benki ya mji wake, akacheza gofu na kusafiri nchi nyingi. Watu wa Forest walimzoea, wakamchukua jinsi alivyo, na alifariki mwaka wa 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Lakini tazama jambo hili, msomaji: katika maandishi yale ya mwaka wa 1943 mlikuwa na maneno ya daktari na maneno ya baba. Neno la Donald mwenyewe juu ya hali yake halikuwamo.

Baada ya hapo kilifuata kipindi cha giza. Katika miaka ya 1950 na 1960 wako wataalamu waliofundisha kwamba usonji huletwa na mama asiye na mapenzi kwa mtoto wake. Bruno Bettelheim wa Chicago aliandika kitabu juu ya fikira hiyo mwaka wa 1967, akamfananisha mtoto na ngome iliyo tupu. Wanawake wengi walibeba lawama hiyo kwa machozi, na haikuwa kweli. Bernard Rimland, aliyekuwa mtaalamu na tena baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa amekwisha kuipinga katika kitabu chake cha mwaka wa 1964, akionyesha kwamba asili ya usonji imo mwilini. Huko London wazazi waliunda chama chao mwaka wa 1962, wakadai shule kwa watoto wao. Basi kwanza walinena madaktari, kisha wakanena wazazi. Watoto walikuwa bado wanasubiri zamu yao.

Zamu hiyo ilifika mwaka wa 1986, Temple Grandin wa Marekani alipotoa kitabu cha maisha yake. Wako wataalamu waliodhani haiwezekani, kwa maana waliamini kwamba mwenye usonji hana maisha ya ndani ya kusimulia. Grandin, aliyezaliwa mwaka wa 1947, alichelewa sana kusema. Alipokua aligundua kwamba yeye hufikiri kwa picha kuliko kwa maneno. Kwa njia hiyo aliweza kuona mambo yawatishayo ng'ombe wapitapo mazizini: kivuli, mnyororo unaoning'inia, koti lililotundikwa ukingoni. Akabuni mazizi na njia za kuwaongoza wanyama bila kuwatesa, na kazi yake ikaenea Marekani yote. Alipozungumza juu ya kuugeuza usonji wake kama ingaliwezekana, alisema asingetaka, kwa kuwa usonji ni sehemu ya nafsi yake.

Mwaka wa 1992 Donna Williams wa Australia naye alitoa kitabu, na chake kilikuwa na uchungu mwingi. Alieleza hofu, na jinsi alivyojitengenezea nafsi za bandia ili apate kuishi kati ya watu. Kisha, mwaka wa 1993, Jim Sinclair, ambaye naye ana usonji, alihutubia mkutano mjini Toronto uliokuwa na wazazi wengi. Aliwaambia wasiwalilie watoto wao kana kwamba wamekufa. Alisema kwamba hapana mtoto mwingine aliyejificha nyuma ya usonji. Kwa hiyo mzazi atamanipo usonji uondoke, mtoto husikia kwamba yeye mwenyewe anatakiwa aondoke, aje mwingine mahali pake. Fikiri, msomaji, ungehisije kuyasikia hayo kutoka kinywani mwa mama yako!

Maneno ya Sinclair yalikuwa kama mbegu katika udongo wenye rutuba. Wenye usonji walizidi kukutana, kuandikiana na kuunda vyama vyao wenyewe. Mwaka wa 2005, tarehe 18 Juni, baadhi yao waliadhimisha kwa mara ya kwanza siku ya kujivunia usonji. Mwezi wa Desemba 2007 matangazo yalibandikwa mjini New York yaliyoandikwa mfano wa barua za watekaji nyara, kana kwamba usonji ni mwizi aliyewaiba watoto. Wenye usonji walipinga vikali, na kabla mwezi haujaisha matangazo yaliondolewa. Mwezi huo huo Umoja wa Mataifa uliamua kwamba tarehe 2 Aprili iwe siku ya usonji duniani.

Walakini tusiharakishe kusema kwamba wenye usonji wote wana furaha na hali yao. Huo ungekuwa uongo, na historia haipendi uongo. Wako wasemao kwamba kama dawa ingekuwapo wangeinywa leo, maana wamechoshwa na upweke, na kelele zinazowaumiza, na kazi wanazozipoteza. Wako pia wanaohitaji kutunzwa usiku na mchana, nao hawawezi kutuambia kwa urahisi wanahisi nini. Wazazi wao huogopa kwamba sifa za wenye kujivunia zitawasahaulisha watu shida zao. Tena wako wengi wasemao mambo mawili kwa pamoja, kwamba wanaipenda akili yao, na kwamba maisha yao ni magumu. Akili zao hazikufanana. Basi kwa nini hisia zao zifanane?

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo wengi wao hulirudia. Husema kwamba sehemu kubwa ya majonzi yao hutoka kwa watu. Hufundishwa tangu utoto kujificha: kuyatazama macho ya watu hata kama yanawaunguza, kuzuia mikono isipunge, kucheka wenzao wachekapo. Kujificha huko huwachosha kama mtu abebaye gunia kichwani kutwa nzima asiruhusiwe kulitua. Mwaka wa 2012 Damian Milton wa Uingereza, mtaalamu aliye na usonji mwenyewe, aliandika kwamba kutoelewana ni kwa pande mbili. Kama mwenye usonji hamfahamu asiye nao, asiye nao pia hamfahamu mwenye usonji. Lakini lawama hutupiwa mmoja.

Fikira hiyo ilipimwa kwa jaribio, na matokeo yakatangazwa mwaka wa 2020. Watu walipangwa safu za watu wanane wanane, hadithi ikasimuliwa kwa wa kwanza, naye akampa wa pili, hata mwisho. Safu za wenye usonji watupu ziliifikisha hadithi sawasawa na safu za wasio na usonji. Iliyopotea sana ni hadithi iliyopita katika safu za mchanganyiko. Jaribio kubwa zaidi lililotangazwa mwaka wa 2025 lilionyesha kwamba hata safu za mchanganyiko zaweza kuifikisha vizuri. Majaribio yote mawili yanakubaliana juu ya jambo moja: wenye usonji hawana upungufu wa kuwasiliana wao kwa wao.

Na hapa kwetu Kenya? Wazazi waliunda chama cha usonji mwaka wa 2003, na tangu hapo watoto wengine wamepata nafasi madarasani. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 54, yasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, na ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Lakini sheria haiwezi kuketi dawati moja na mwanafunzi. Wewe waweza.

Huenda katika darasa lako yumo mmoja akaaye peke yake wakati wa mapumziko, azibaye masikio kengele inapolia, ajuaye ratiba za treni zote za Mombasa lakini hajui la kujibu akisalimiwa kwa mzaha. Labda ana usonji, labda hana. Si kazi yako kumpa jina. Usimcheke, wala usimhurumie kwa mbali. Mwendee taratibu, mwulize apendacho, kisha uwe na subira ya kungoja jibu. Mtungi u mbele yako, na kata imo ndani.