Nani aliichagulia kompyuta yetu lugha?

Zamu hii tunaandika historia ya kitu ambacho wengi wetu tunakipita kwa kubonyeza mara moja tu.

Ukiweka mfumo mpya kwenye kompyuta, swali la kwanza si jina lako wala nenosiri. Ni lugha. Orodha inatokea, na mkono wa huku kwetu unakwenda wenyewe kwenye Français. Hatushangai. Kati ya Uvira na Bujumbura shule ilituzoesha kwamba mambo ya mashini ni ya Kifaransa, ndiyo maana tunasema ordinatere, klavye, suri. Sokoni tunaongea Kiswahili na Kirundi, kanisani na msikitini vilevile, lakini mtu akikaa mbele ya skrini anageuka kuwa mwanafunzi tena.

Sasa angalia matokeo. Mama mmoja anakuja kuandika barua ya kuomba kitu, anataja kijiji alikotoka, watoto, namna walivyovuka. Anaandika Kiswahili chake kizuri. Programu iliyopangwa kwa Kifaransa inapiga mstari mwekundu chini ya kila neno. Ukurasa mzima unakuwa mwekundu. Anauliza, "Niko nakosea wapi?" Hajakosea popote. Mashini ndiyo haijaambiwa anaongea lugha gani. Hapo ndipo tulipoanza kujiuliza: Kiswahili kiliingia lini kwenye kompyuta, na nani alikiingiza?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akidai kila mtu awe na haki ya kuitumia programu, kuisoma ndani, kuibadilisha na kuigawa kwa wengine. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaweka hadharani kiini cha mfumo alioandika mwenyewe, ndio Linux. Hizi tunaziita programu huria. Watu wengi wakisikia hivyo wanafikiria bei tu, kwamba ni za bure. Kwetu sisi wa Kiswahili haki iliyokuwa na uzito ni ile ya kubadilisha. Ukitaka programu iongee lugha yako, hungoji mtu wa ng'ambo aamue kama soko lenu ni kubwa vya kutosha. Unafungua, unatafsiri, unagawa.

Na ndivyo walivyofanya Dar es Salaam. Idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ndogo ya Uswidi iitwayo IT+46, walianzisha mradi wakauita Kilinux. Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice: programu nzima ya kazi za ofisi, ya kuandikia barua, kupigia hesabu kwenye majedwali na kutayarishia slaidi, na menyu zake zote kwa Kiswahili. Mkenya Jason Githeko naye alitengeneza kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, ile ambayo ikiwekwa mistari myekundu inapungua. Kwa maoni yetu kazi hiyo haijasifiwa inavyostahili. Menyu mtu anaweza kuzikariri hata kwa Kichina, lakini tahajia inagusa maandishi yako mwenyewe.

Msidhani kutafsiri programu ni kama kutafsiri hadithi. Hakuna ukurasa. Kuna maelfu ya vipande vifupi, neno moja moja, na anayetafsiri mara nyingi haoni kitatokea wapi. Chukua neno moja la Kiingereza, New. Mwandishi wa programu ameliandika mara moja, kisha analitumia kila mahali. Kiswahili kinauliza: kipya nini? Faili ni mpya. Dirisha ni jipya. Kitabu ni kipya. Na ujumbe kama ule wa kufuta mafaili: Kiingereza kinaongeza herufi moja tu mwishoni mwa jina, biashara imekwisha. Sisi kitenzi nacho kinabadilika: faili moja imefutwa, faili tatu zimefutwa. Kompyuta haikutengenezwa na mtu mwenye ngeli kichwani. Watafsiri walilazimika kuzunguka, mara nyingine kuligeuza tendo kuwa amri fupi, au kuchagua umbo moja na kuvumilia likikwaruza masikio hapa na pale. Ukiona sentensi ya Kiswahili imekaa vibaya kwenye skrini, usimcheke haraka aliyeitafsiri.

Microsoft nao walikuja mwaka huohuo. Juni 2004 walitangaza kwamba Windows na Office zitapata Kiswahili, wakakaa na wataalamu wa lugha wa Afrika Mashariki kukubaliana istilahi. Kilichotoka kwa Windows XP kilikuwa kifurushi cha kuvalisha. Ndani ilibaki Windows ya Kiingereza, juu yake kanzu ya Kiswahili. Menyu za kila siku zinakuwa za Kiswahili, lakini ukienda ndani zaidi kwenye mipangilio migumu, Kiingereza kinachungulia. Desturi hiyo haijaisha: hata kwenye Windows 10 Kiswahili ni kitu unachoongeza baadaye, ukiwa umeshaweka mfumo kwa lugha nyingine. Tunasema hivi bila kuwadharau. Kanzu ni bora kuliko uchi. Ila kwa Kilinux wenye lugha ndio walioshika sindano, na tofauti hiyo si ndogo.

Hatuwezi kuutaja mwaka 2004 tukiwa Gatumba tukapita tu. Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka huo, kwenye kambi ya wakimbizi hapa kwetu, waliuawa watu zaidi ya 150, wengi wao Wabanyamulenge waliokuwa wamekimbia Kivu Kusini. Kuna wanaotusoma waliopoteza ndugu pale. Haihusiani na kompyuta. Ni mwaka uleule, basi, na sisi tunaishi hapa.

Oktoba 2004 ilitoka pia Ubuntu, mfumo wa Linux uliolipiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule aliyekwenda anga za juu mwaka 2002. Jina lake dunia nzima inaelezwa kuwa ni falsafa ya utu. Huku Burundi hatuhitaji maelezo, Kirundi kinalo neno hilohilo, na tena kinasema k'ubuntu kwa kitu kinachotolewa bila malipo. Jina likabeba maana zote mbili kwa mpigo, na wala sidhani waliolichagua walikuwa wanafikiria Bujumbura. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, walikuwa wanatuma CD za Ubuntu kwa posta, bure, kwa yeyote aliyeomba. Kwa sehemu ambayo intaneti inauzwa kwa megabaiti, CD ya bure ilikuwa kitu kikubwa kuliko maneno yote ya falsafa.

Lakini Kiswahili kipi? Hapa ndipo tuko na maneno mengi.

Kiswahili cha kwenye kompyuta ni kile kilichosanifishwa na Waingereza. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo na Ruanda-Urundi zilikuwa chini ya Wabelgiji, hazikuwa mezani. Kwa hiyo Kiswahili cha Uvira, cha Fizi, cha Bukavu, na kile cha Buyenzi hapa Bujumbura kilichokaa mjini tangu enzi za ukoloni, viliendelea na safari zao. Hata waliokuwa mezani hawakukubaliana yote: Mtanzania anasema kompyuta na kipanya, vitabu vya Kenya vinasema tarakilishi na puku, nenosiri kwa wengine ni nywila.

Wataalamu wa viwango, tuwape haki yao, walituona. Kwenye orodha ya kimataifa ya lugha, Kiswahili kina alama tatu: swa kwa ukoo mzima, swh kwa kile cha pwani, na swc kwa Kiswahili cha Kongo. Na katika hazina ya mipangilio ya lugha inayotunzwa na Unicode, ile inayoiambia kompyuta na simu namna ya kuandika tarehe, Kiswahili cha Kongo kiliwahi kuwekwa kama lugha ya peke yake. Miezi yake iliandikwa mwezi ya kwanja, mwezi ya pili, mpaka mwezi ya munane na kuendelea. Wenzetu tuliowaonyesha walicheka. Kisha mmoja akasema, "Hii ni sauti ya bibi yangu." Baadaye kikaondolewa pale, kikawekwa chini ya Kiswahili kikubwa kama tawi la nchi. Nchi zilizoandikwa kwa Kiswahili ni nne: Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Burundi haimo. Anayeishi Buyenzi anachagua aonekane Mtanzania au Mkongo. Burundi iko kwa Kirundi, na hicho tunakipenda sana, mwezi wa nane pale unaitwa Nyandagaro.

(Kuhusu saa tusiseme mengi. Hakuna aliyetuuliza kama saa moja ni asubuhi.)

Kwa nini tunaandika haya sasa? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na kompyuta nyingi za mtumba tunazopewa hazina. Hizo si takataka. Linux nyepesi kama Lubuntu au Linux Mint zinakaa humo na kompyuta inapumua. Kwa hiyo vituo vingi vya vijana vitapangiwa mifumo upya, na lile swali la kwanza litaulizwa tena mbele ya kila mashini.

Ndugu zetu mnaoleta vifaa, tunaomba mambo mawili. Tuliwahi kupokea mashini kutoka kwa shirika moja zikiwa zimefungwa kwa nenosiri la msimamizi ambaye alishaondoka nchini. Kubadilisha lugha haikuwezekana, hata saa ilibaki ya Ulaya. Tafadhali mkabidhi na nenosiri. La pili ni klavye: zinazotoka Ubelgiji na Ufaransa ni za AZERTY, zinazopitia Dubai ni za QWERTY, na mpangilio wa ndani lazima ufuate herufi zilizochapwa juu, la sivyo mtu anaandika nenosiri lake sawasawa na mlango haufunguki.

Kwa wanaotumia LibreOffice, mtoto wa ile OpenOffice: nenda kwenye mipangilio ya lugha, weka Kiswahili (Tanzania) kuwa lugha ya hati, na uongeze kamusi yake ya tahajia. Neno la kwetu likibaki na mstari mwekundu, libonyeze kwa kitufe cha kulia, uliongeze kwenye kamusi yako. Maneno hayo yanahifadhiwa kwenye faili moja la maandishi ya kawaida liitwalo standard.dic. Letu lina majina ya vijiji vya Fizi na Uvira, maneno ya Kirundi tunayoyachanganya, na munane. Liko kwenye flashi, anayelitaka atuandikie kwenye maoni hapa chini.