Bunda 1995: kiti kilikuwa cha nani?

Haya wadau, leo tuache kidogo habari za Dar na Dodoma, turudi Mara. Nina sababu. Vijana wenzangu wengi wa mjini, wasomi kabisa, ukiwauliza Barack Obama aliingiaje Seneti mwaka 2004 watakusimulia kama vile walikuwepo Chicago wanahesabu kura. Ukiwauliza nini kilitokea Bunda mwaka 1995, wanakuangalia tu. Hili linaniuma, maana swali la Bunda ni letu na bado halijajibiwa.

Nianze na hao wa Illinois kwa kifupi, tupate cha kulinganisha. Kiswahili chetu kina utani wake: Illinois ni jimbo, na Bunda nayo ni jimbo! Tofauti ni kwamba lile lina watu zaidi ya milioni 12, na anayetaka useneta anaomba kura kwa jimbo zima. Seneta aliyekuwepo, Peter Fitzgerald wa Republican, alikaa kipindi kimoja cha miaka 6 akasema basi, sigombei tena. Hakufa, hakushtakiwa, hakuhama chama. Kiti kikawa wazi na watu wakamiminika. Kwenye mchujo wa Democrats wa Machi 2004 alikuwepo hata tajiri mmoja, Blair Hull, aliyemwaga mamilioni ya dola kutoka mfukoni mwake. Obama akawaacha wote kwa karibu asilimia 53. Novemba akamshinda Alan Keyes kwa 70 dhidi ya 27. Shikeni jambo moja tu hapo: aliyeamua nani abebe bendera ya Democrats ni mpiga kura mwenyewe kwenye sanduku, siyo kikao.

Sasa twende nyumbani.

Watu wanashangaa nikiwaambia kwamba Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alipokwenda kuomba kura kwa mara ya kwanza hakuziomba Butiama wala Musoma. Mwaka 1957 Gavana Twining alimteua kwenye Baraza la Kutunga Sheria, na kabla mwaka haujaisha akajiuzulu. Uchaguzi ulipokuja, 1958 na 1959, nchi nzima ilikuwa na majimbo 10 tu, makubwa kama mikoa ya leo na zaidi, kila jimbo viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mhindi na cha Mzungu. Mpiga kura alilazimika kuchagua wote watatu, la sivyo kura yake inaharibika. Ndiyo maana ukaitwa uchaguzi wa kura tatu. Mwalimu alisimama Jimbo la Mashariki, awamu ya kwanza, Septemba 1958, akamshinda Patrick Kunambi. Huku Kanda ya Ziwa tulisubiri awamu ya pili, Februari 1959. Kwa hiyo viti vyetu vya mwanzo kabisa vilikuwa vya eneo kubwa, kama vile vya akina Fitzgerald. Hilo tulianza nalo, halafu tukaliacha.

Kilichofuata ndicho ninachotaka tukiangalie vizuri. Mwaka 1965 nchi ikiwa ya chama kimoja, TANU ilikuja na utaratibu ambao leo vijana wakiusikia wanacheka: kila jimbo wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja amepewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Mikutano ya wilaya ilipendekeza majina, Halmashauri Kuu ikabakiza mawili, halafu wananchi wote wakaachiwa waamue. Wananchi wote, siyo wenye kadi peke yao. Na waliamua kweli! Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu mkubwa kabisa wa ushirika Kanda ya Ziwa, aliangushwa mwaka ule ule wa kwanza. Sisemi mfumo wa chama kimoja ulikuwa mzuri. Aliyekatwa juu alikuwa amekatwa, hakuwa na pa kukimbilia, na anayepinga sera za chama hakufika hata kwenye mchujo. Lakini ubishi wa watu wawili wa chama kimoja ulimalizwa na mama anayeuza dagaa pale sokoni. Haukumalizwa na kamati.

Kwa utaratibu huo ndipo mwaka 1970 kijana wa miaka 25 kutoka Bunda aliingia bungeni kwa tiketi ya jimbo la Mwibara. Jina lake Stephen Wassira. Mwanasiasa mwingine mkubwa wa Bunda alipanda kwa ngazi tofauti, ya sheria: Joseph Sinde Warioba, Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 1976, halafu Waziri wa Sheria, halafu Waziri Mkuu kuanzia Novemba 1985 hadi 1990. Wilaya moja, chama kimoja, watu wawili wazito. Mnaona moshi ulikokuwa unatokea.

Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Tukashangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Ila kuna kitu kilipotea siku hiyo na sijaona watu wengi wakikizungumzia. Mwenye kadi na asiye na kadi walikuwa wamezoea kupewa majina mawili ya chama kile kile. Sasa kila chama kinaleta jina moja. Yule wa pili, ambaye jana angekuwa nyumba au jembe, ama anarudi nyumbani kulima, ama anatafuta chama kingine. Na usiniambie angegombea mwenyewe bila chama. Oktoba 1994 Mchungaji Christopher Mtikila alishinda kesi Mahakama Kuu, Jaji Lugakingira akasema mgombea binafsi ruksa. Bunge halikusubiri hata wino ukauke. Desemba mwaka huo huo likabadilisha Katiba kuufunga mlango, na Januari 1995 Rais akatia saini. Mwalimu naye hakulipenda katazo hilo, na aliandika hivyo waziwazi.

Ndiyo hali tuliyoingia nayo uchaguzi wa Oktoba 1995. CCM Bunda jina lake lilikuwa Warioba. Wassira akavuka, akachukua fomu ya NCCR-Mageuzi, chama cha Augustine Mrema kilichokuwa kinawaka moto nchi nzima. Fikirieni joto la mwaka ule. Mwalimu ameacha mapumziko Butiama, anazunguka mikoani kumnadi Benjamin Mkapa. Kule Arusha mwanawe, Makongoro, anagombea kwa tiketi ya NCCR, na akashinda! Na katika wilaya ambayo ni jirani kabisa na Butiama, Waziri Mkuu mstaafu akaangushwa na Wassira.

Watu wa upinzani waliitangaza Bunda kama ushindi wa mageuzi. CCM wakaiona kama usaliti. Mimi naiona tofauti. Naiona kama jembe na nyumba, ule ule wa zamani, ila safari hii mmoja amelazimika kuazima shati la chama kingine ili aruhusiwe kuingia uwanjani. Wapiga kura wa Bunda hawakuwa wanachagua kati ya itikadi mbili. Walikuwa wanachagua kati ya wana CCM wawili, kazi waliyokuwa wameifanya kila baada ya miaka 5 kwa miaka 30, na ambayo sheria mpya ilitaka kuwanyang'anya. Ushahidi ni yaliyofuata, maana Wassira hakukaa sana kwenye upinzani.

Warioba alikwenda mahakamani. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Rufani, na mwisho wa yote ushindi wa Wassira ukafutwa. Mpaka leo mawakili wa kesi za uchaguzi wanaitaja, Wassira dhidi ya Warioba. Hapa historia inapenda mzaha: Januari 1996, miezi michache tu baada ya uchaguzi huo, Rais Mkapa alimteua Warioba kuongoza Tume ya kuchunguza kero ya rushwa, ile ambayo ripoti yake tunaiita Ripoti ya Warioba mpaka leo. Wassira naye akarudi CCM, na mwaka 2005 akalichukua tena jimbo la Bunda, safari hii kwa kijani na njano. Akawa waziri, akakaa miaka 10.

Sasa nisogee mbele hadi mwaka 2012, kwa sababu Bunda ya 1995 ilirudi kwa mlango ambao hakuna aliyeutegemea. Rais Kikwete aliunda Tume ya Mabadiliko ya Katiba, mwenyekiti Warioba. Rasimu yao ya Desemba 2013 ilizua kelele za serikali tatu mpaka mambo mengine yakafunikwa. Someni tena sehemu ya Bunge. Mgombea binafsi aruhusiwe. Wananchi waweze kumwondoa mbunge kabla ya muda wake. Na mbunge asizidi vipindi vitatu vya miaka mitano mitano, basi, apishe. Mtu aliyeshindwa Bunda na kijana wa chama chake aliyevaa shati la kuazima ndiye aliyekuja kupendekeza kwamba shati lisiwe lazima tena! Sijui kama alikuwa anaikumbuka Bunda alipoweka saini. Mimi nisingeweza kuisahau.

Na upande wa pili wa ukumbi wa Bunge Maalum la 2014 nani alikuwa miongoni mwa mawaziri waliosimama kuutetea msimamo wa chama dhidi ya rasimu? Wassira. Ukomo wa ubunge ukaondolewa, haki ya kumwondoa mbunge ikaondolewa. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika, na hadi leo tuko na Katiba ya 1977.

Ukomo ule ungebadilisha nini kwetu? Chukueni Musoma Vijijini. Nimrod Mkono, wakili maarufu, alikuwa mbunge huko tangu 2000, na watu wanamkumbuka kwa sekondari alizosaidia kujenga. Miaka 15 ilitimia mwaka 2015. Kwa rasimu ya Warioba angepumzika. Badala yake jimbo liligawanywa: Mkono akaenda jimbo jipya la Butiama, akakaa hadi 2020, na Musoma Vijijini ikabaki wazi, akaingia Profesa Sospeter Muhongo, ambaye Januari mwaka huo huo alikuwa amejiuzulu uwaziri kwa sababu ya Escrow. Yaani kwetu ni rahisi zaidi kuongeza kiti kuliko mtu kuamka kwenye kiti.

Nyie fuatilieni viti vya Mara vilivyopata kuwa wazi katikati ya muhula, vinasikitisha. Tarime ilikuwa wazi mwaka 2008 kwa sababu Chacha Wangwe alikufa kwenye ajali ya gari, na uchaguzi mdogo wa Oktoba ile ulikuwa wa mawe na mabomu ya machozi kabla Charles Mwera wa Chadema hajashinda. Serengeti ilikuwa wazi mwaka 2018 kwa sababu Marwa Ryoba Chacha alihama Chadema kwenda CCM, kisha akapita bila kupingwa kwenye kiti kile kile alichokiacha. Hapo sijui tuseme kiti kilikuwa wazi au kilikuwa kinapanguswa vumbi.

(Msidhani Illinois ni peponi. Obama alipouacha useneta mwaka 2008 kwenda Ikulu, gavana Rod Blagojevich, mwenye mamlaka ya kumteua mrithi, alikamatwa Desemba ile kwa kutaka kukifanyia kiti biashara. Akafungwa.)

Basi, 2015. Bunda nayo imegawanywa, Wassira anagombea Bunda Mjini. CCM ina binti, Ester Bulaya, aliyekuwa mbunge wake wa viti maalum tangu 2010. Mwaka huo anahama, anavaa shati la Chadema, anasimama Bunda Mjini, anamwangusha waziri. Jamani, si hadithi ile ile? Miaka 20 kamili, mji ule ule, safari hii Wassira akiwa amekaa upande wa Warioba. Hata mahakama haikukosa: wapiga kura wanne walifungua kesi kupinga ushindi wa Bulaya, ikapanda Rufani, ikarudi Mahakama Kuu, na Bulaya akabaki na ubunge wake. Mwaka 2020 Robert Maboto akakirudisha kiti CCM.

Watu wa Bunda wanaambiwa ni vigeugeu. Siyo kweli. Mara mbili wamepewa nafasi ya kuchagua kati ya watu wawili waliolelewa na chama kimoja, na mara zote mbili wamemkataa mkubwa. Kilichobadilika ni rangi ya shati tu. Musoma Mjini walifanya kitu cha kufanana na hicho mwaka 2010 walipomtoa Vedastus Mathayo wa CCM na kumweka Vincent Nyerere wa Chadema, wa ukoo wa Mwalimu, na 2015 wakamrudisha Mathayo.

Wassira hakuondoka kwenye siasa. Januari 2025 mkutano mkuu wa CCM mjini Dodoma ulimchagua kuwa Makamu Mwenyekiti wa chama, Bara, akiwa na miaka 79. Miezi michache baadaye majina ya waliotaka ubunge mwaka huo, ya Bunda yakiwemo, yalipelekwa kwenye vikao vya juu vya chama kuchujwa, na yeye sasa ni mmoja wa wanaoketi meza ya mbele.