Kanuni za barua pepe ziko na historia, na hazijawahi kuwa na akili

Wasee, hebu fungueni sehemu ya kanuni kwenye programu yenu ya barua pepe. Ile kitu inaambia mashine: barua ikiwa hivi, ifanye vile. Ukikuta kanuni hukumbuki kuiandika, hii stori ni yako.

Shida yenyewe imetuzidi umri. Mei 1978, Gary Thuerk wa Digital Equipment Corporation, Marekani, alituma tangazo la kompyuta kwa watu karibu 400 kwenye ARPANET, babu ya intaneti. Watu waliwaka. Miaka ya 80, Eric Allman, yule wa Sendmail, akaandika vacation, programu ya kukujibia barua ukiwa likizo. Ilikuwa inamjibu mtu mmoja mara moja tu kwa wiki, juu wawili wakienda likizo pamoja, mashine zao zingejibizana hadi seva ijae!

Lakini mbabe hapa ni procmail ya Stephen van den Berg, 1990. Kanuni zako unaziandika kwenye faili inaitwa .procmailrc. Barua inaanzia juu ikishuka chini, na kanuni ya kwanza inayoikubali inaimeza. Zile za chini hata haziioni. Sema umeweka juu kabisa kwamba chochote chenye neno "offer" kitupwe. Halafu kampuni inakuandikia kukupa kazi. Imeenda, hata kama mstari wa chini ulisema barua za hiyo kampuni ziwekwe folda ya muhimu. Na ukitaka nakala iende kwingine, lazima uongeze herufi c. Ukiisahau, barua inaenda huko na wewe unabaki mikono mitupu.

Dawa ilikuwa kuweka LOGFILE, faili inayoandika kila barua imeenda wapi. Programu nyingi tunazotumia leo hazikuonyeshi hiyo vitu, na mimi naona hapo tulirudi nyuma.

Januari 2001 ikaja Sieve, lugha rasmi ya kanuni, iliyoandikwa na Tim Showalter. Haina njia ya kurudiarudia kitu bila mwisho, ndio kanuni ya mtu mmoja isikwamishe seva nzima. Na barua isipoguswa na kanuni yoyote, inabaki kwenye kikasha. Heshima kwa huyo jamaa.

Kwenye programu za kompyuta kama Outlook kuna mtego mwingine. Kanuni zingine, kama ile ya kucheza sauti ama kuprinti, zinaishi kwa mashine yenyewe. Funga lapi, nazo zinalala. Kwa hivyo kabla ulie kwamba kanuni imekufa, angalia kama programu iko wazi, kisha angalia mpangilio wa juu kwenda chini.

Sasa wezi nao walisoma hii historia. Novemba 2020 FBI ilionya kuhusu matapeli wanaoingia kwenye akaunti na kuandika kanuni yao kimyakimya: barua yenye maneno kama "invoice" ama "payment" ipelekwe kwao. Hakuna virusi hapo, ni mstari mmoja tu, na mashine inautii vile ingekutii wewe. Ukibadilisha paswadi na uache kanuni, bado iko pale inawatumia barua zako.