Kutoka Chumba cha Rubani hadi Wodi ya Majeraha ya Moto: Historia ya Uhalisia Pepe katika Kutuliza Maumivu, 1965–2021

1.0 Utangulizi

Mgonjwa aliyeungua huumia mara mbili. Mara ya kwanza ni pale moto, maji yanayochemka au mafuta yanapoigusa ngozi yake. Mara ya pili ni pale anapotibiwa. Ili kidonda kisioze, ngozi iliyokufa huondolewa, bandeji hubanduliwa na kufungwa upya, mara nyingi kila siku, kwa majuma au hata miezi. Viungo navyo sharti vinyooshwe vingali na maumivu, kwani ngozi mpya hukakamaa na kukiacha kiungo kikiwa kimepinda. Dawa za jamii ya afyuni, kama vile mofini, humpa nafuu kubwa mgonjwa aliyetulia kitandani. Hata hivyo, wakati wa kusafishwa kidonda wagonjwa wengi huendelea kuhisi maumivu makali ingawa wamekwisha kupewa dawa hizo. Kuongeza kipimo nako kuna mipaka yake: kichefuchefu, kufunga choo, usingizi mzito, kupungua kwa pumzi na, kwa baadhi ya wagonjwa, uraibu.

Makala haya yanafuatilia jinsi tatizo hilo la wodini lilivyokutana na teknolojia ambayo haikuundwa kwa ajili ya wagonjwa. Uhalisia pepe, kwa maana inayotumika hapa, ni mazingira yaliyoundwa kwa kompyuta ambayo mtu huyaona na kuyasikia kupitia kofia au miwani maalumu, na ambayo hubadilika kadiri anavyogeuza kichwa, hata akajihisi yumo ndani yake. Hoja ya makala haya ina pande mbili. Kwanza, teknolojia hii ilipata thamani ya kitabibu si kwa ubora wa mitambo pekee, bali pale ilipokabiliwa na swali lililotoka kwa wauguzaji na wagonjwa. Pili, ushahidi wake katika tiba ya majeraha ya moto ulihusu nyongeza juu ya dawa, si badala ya dawa. Anayeisoma historia hii bila kuuzingatia upande wa pili huweza kufikia hitimisho litakalowaumiza wagonjwa wa nchi maskini.

2.0 Chimbuko la Kofia: Maabara na Jeshi

Mwaka 1968, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, Ivan Sutherland, alionesha chombo kilichovaliwa kichwani na kumwonesha mvaaji maumbo ya mistari yaliyoonekana kuelea hewani. Kichwa kilipogeuka, umbo nalo lilionekana kwa upande mwingine. Chombo hicho kilishikiliwa na nguzo iliyoning'inia kutoka darini, kwa hiyo mvaaji hakuweza kwenda mbali. Kilithibitisha kwamba jambo hilo linawezekana. Hakikuthibitisha kwamba lina manufaa.

Manufaa ya kwanza yalitafutwa jeshini. Kuanzia mwaka 1966, mhandisi Thomas Furness alifanya kazi katika kituo cha Jeshi la Anga la Marekani cha Wright-Patterson, jimboni Ohio. Tatizo lililomkabili lilikuwa la rubani wa ndege za kivita: vipimo na vitufe katika chumba chake vilikuwa vimezidi uwezo wa macho na mikono yake. Suluhisho lililobuniwa lilikuwa kofia iliyokusanya taarifa hizo zote na kumwekea rubani mbele ya macho, zikiwa sehemu ya mandhari aliyoitazama. Tayari hapa palikuwa na wazo ambalo baadaye lingekuwa msingi wa tiba, yaani kwamba umakini wa binadamu una kikomo, na kwamba anayeiteka nafasi hiyo finyu huamua ni nini mtu atakachokitambua na nini kitakachompita.

Mwaka 1989 Furness aliondoka jeshini, akaanzisha maabara ya teknolojia ya mahusiano ya binadamu na kompyuta katika Chuo Kikuu cha Washington, jijini Seattle. Istilahi ya uhalisia pepe ilikuwa imeanza kuenea miaka michache kabla ya hapo kupitia kazi za Jaron Lanier na kampuni yake ya VPL Research, iliyouza kofia na glovu kwa watafiti na mashirika yenye fedha nyingi. Hivyo basi, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 chombo kilikuwapo. Kilichokosekana ni sababu ya kumvisha mgonjwa.

3.0 Kutoka Woga hadi Maumivu

Sababu ya kwanza ilikuwa woga. Mwaka 1995, Barbara Rothbaum, Larry Hodges na wenzao, jijini Atlanta, walichapisha utafiti uliohusu wanafunzi wa chuo waliokuwa na woga uliopitiliza wa kuwa mahali pa juu. Wanafunzi hao waliwekwa, kupitia kofia, juu ya madaraja, kwenye roshani na ndani ya lifti, hatua kwa hatua, mpaka woga ukapungua. Kuanzia mwaka 1997, timu hiyo ilitumia njia inayofanana kwa wanajeshi wa zamani waliopigana Vietnamu ambao bado waliteswa na kumbukumbu za vita. Katika tiba hii, mgonjwa alirudishwa mbele ya kile alichokikimbia.

Jijini Seattle, mwanasaikolojia Hunter Hoffman, akishirikiana na Albert Carlin na Suzanne Weghorst, naye alianza na woga. Mwaka 1997 walichapisha taarifa ya mgonjwa aliyekuwa na hofu kuu ya buibui, ambaye alitibiwa kwa kuingizwa katika jiko la kompyuta lenye buibui, huku mkono wake ukigusa buibui wa kuchezea.

Katika jiji hilohilo, kwenye kituo cha majeraha ya moto cha Hospitali ya Harborview, mwanasaikolojia David Patterson alikuwa ameshughulikia maumivu ya wagonjwa kwa miaka mingi. Mojawapo ya njia zake ilikuwa hipnosia, yaani kumwongoza mgonjwa kwa maneno hadi mawazo yake yatue mbali na kidonda. Ushirikiano wa Hoffman na Patterson, ulioanza mwaka 1996, uligeuza mwelekeo wa teknolojia hii. Kwa mgonjwa wa woga, kofia ilimpeleka kwenye kile kilichomtisha. Kwa mgonjwa wa kidonda, kofia ilitakiwa imtoe pale alipo.

Msingi wa kinadharia ulikuwapo. Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango, iliyodai kwamba ishara za maumivu hazipiti moja kwa moja kutoka kwenye jeraha hadi kwenye ubongo kama maji kwenye bomba. Katika uti wa mgongo kuna mfano wa lango, na ubongo wenyewe, kwa mawazo na hisia zake, huweza kulifungua au kulibana. Kwa mantiki hiyo, maumivu si kiasi cha jeraha pekee. Ni pamoja na kiasi cha umakini ambacho jeraha hilo limepewa.

4.0 Ushahidi wa Wodini

Taarifa ya kwanza ya timu ya Seattle kuhusu majeraha ya moto ilichapishwa mwaka 2000. Ilihusu vijana wawili tu wa kiume, wa miaka 16 na 17. Wakati wa kuhudumiwa vidonda, kila mmoja kwa sehemu ya muda alicheza mchezo wa kawaida wa video kwenye skrini, na kwa sehemu nyingine alivaa kofia ya uhalisia pepe. Wote wawili walisema kwamba walipovaa kofia maumivu yalipungua zaidi na muda waliotumia kuyafikiria ulikuwa mfupi zaidi. Idadi hiyo ilikuwa ndogo mno kuthibitisha jambo, lakini ulinganisho wenyewe ulikuwa wa busara: swali halikuwa kama mchezo unapunguza maumivu, bali kama kuzama ndani ya ulimwengu mwingine kunazidi kuutazama kwa mbali.

Mazingira yaliyoundwa mahususi kwa wagonjwa hawa yaliitwa SnowWorld. Mgonjwa huteleza polepole katika bonde la barafu, theluji ikianguka, akiwarushia mabonge ya theluji pengwini na watu wa theluji. Uchaguzi wa baridi haukuwa pambo. Wagonjwa wengi wanaposafishwa vidonda hukumbuka ajali iliyowaunguza, na hakuna kilicho mbali na moto kuliko barafu. Mwendo nao ulifanywa wa taratibu ili kumwepushia mgonjwa kichefuchefu, ambacho dawa zenyewe humletea.

Wodi iliendelea kuisahihisha maabara. Baadhi ya wagonjwa huoshwa wakiwa ndani ya maji, mahali ambapo kofia ya umeme ni hatari. Ikatengenezwa kofia iliyofikisha picha machoni kwa nyuzi za mwanga. Wengine walikuwa na majeraha kichwani na usoni, wasiweze kuvaa chochote. Miwani ikafungwa kwenye mkono wa chuma uliosimama kando ya kitanda, mgonjwa akaitazama bila kuguswa nayo.

Mwaka 2004, watafiti walitumia mashine ya kupiga picha za ubongo kwa sumaku kwa watu wanane wenye afya waliopewa maumivu ya muda mfupi yasiyojeruhi. Walipokuwa ndani ya uhalisia pepe, shughuli za ubongo zinazohusiana na maumivu zilipungua katika maeneo matano yaliyochunguzwa. Kwa hiyo haikuwa tu kwamba washiriki waliripoti nafuu ili kuwaridhisha watafiti. Utafiti mwingine wa aina hiyo, uliochapishwa mwaka 2007, ulilinganisha kofia na dawa ya jamii ya afyuni. Kila moja ilipunguza maumivu. Zilipotumiwa pamoja, washiriki walipata nafuu kubwa kuliko walipopewa dawa peke yake.

Historia ikajirudia kwa namna ya pekee jijini San Antonio, jimboni Texas, ambako jeshi la Marekani huwatibu askari wake walioungua vitani. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya askari 12 waliotumia SnowWorld wakati wa kusafishwa vidonda. Wastani wa maumivu makali kabisa waliyoyaripoti ulishuka kutoka 6.25 hadi 4.50 katika kipimo cha 10. Teknolojia iliyoanza kwa kumsaidia rubani kupigana vita ilirudi jeshini kuwahudumia walioumizwa na vita. Takwimu hizo zinapaswa kusomwa kwa uangalifu: 4.50 si sifuri, na askari hao hawakunyimwa dawa zao za kawaida.

5.0 Kutoka Wodini hadi Nyumbani

Kwa miaka mingi, gharama na uzito wa mitambo viliifungia tiba hii katika hospitali chache. Hali ilibadilika baada ya mwaka 2012, kampuni changa ya Oculus ilipochangisha fedha mtandaoni kwa ajili ya kofia ya bei nafuu ya michezo. Facebook iliinunua kampuni hiyo mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni mbili, na kofia zikaanza kuuzwa kwa watu wa kawaida.

Novemba 2021, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha kifaa cha EaseVRx kwa watu wazima wenye maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo, kitumiwe nyumbani kwa cheti cha daktari. Katika jaribio lililowasilishwa, lenye washiriki 179 na mafunzo ya majuma nane, asilimia 66 ya waliotumia kifaa hicho walipata upungufu wa maumivu wa zaidi ya asilimia 30, ikilinganishwa na asilimia 41 ya kundi linganishi. La kuzingatia ni kwamba kifaa kiliidhinishwa kama tiba ya nyongeza.

6.0 Mjadala: Nyongeza juu ya Nini?

Neno "nyongeza" ndilo lenye uzito katika historia hii. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, majeraha ya moto husababisha takriban vifo 180,000 kila mwaka, vingi vikiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu theluthi mbili vikitokea katika kanda za shirika hilo za Afrika na Asia Kusini-Mashariki. Jiko la mafuta ya taa, sufuria iliyo karibu na mtoto na moto wa mafiga ni vyanzo vinavyofahamika. Wakati huohuo, ripoti ya tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2017 ilionesha kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya afyuni zilizosambazwa duniani kwa mwaka, kwa kipimo cha mofini, ni tani 0.1 tu iliyofika katika nchi za kipato cha chini.

Mgonjwa wa Seattle alivaa kofia juu ya mofini. Mgonjwa asiye na mofini akivishwa kofia hiyohiyo, hapewi tiba iliyofanyiwa utafiti; anapewa nusu yake. Uganda ina mfano unaoonesha kuwa nusu nyingine haihitaji mitambo. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilitumia mofini ya unga iliyochanganywa na maji kuwa dawa ya kunywa ya bei ndogo, na mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Mfano huo ulihusu hasa wagonjwa wa saratani na UKIMWI, lakini unathibitisha kwamba kikwazo cha nafuu aghalabu ni sheria, mafunzo na ugavi kuliko uhaba wa uvumbuzi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba uhalisia pepe uliingia katika tiba ya majeraha ya moto baada ya kupita jeshini, maabarani na katika tiba ya woga, na kwamba uliboreka kila ulipokubali kusahihishwa na hali halisi ya wodi. Mafanikio yake ni ya kweli na yamepimwa: saa ya mateso imepunguzwa makali kwa watoto, vijana na askari. Hata hivyo, ushahidi uleule unaoisifu kofia unaitaja dawa kando yake. Hospitali ya Afrika Mashariki inayotaka kunufaika na historia hii haina budi kuanza pale Seattle ilipoanzia, yaani kwenye kabati la dawa lenye mofini na muuguzi anayeruhusiwa kuitoa. Barafu ya kompyuta huja baadaye, na ikija hapo itakuwa na kazi ya kufanya.